Kiswahili kinapotelea wapi katika takwimu za Marekani

Hotuba kwa viongozi wa jumuiya, wazazi na wakalimani wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani

Waheshimiwa viongozi wa jumuiya na wa dini, wazazi, wakalimani, na ninyi mnaofanya kazi ya kupokea wakimbizi, hamjambo. Wakubwa wote, shikamooni.

Mada ya leo ni lugha tunazozungumza nyumbani na kiwango chetu cha Kiingereza. Tutaiendea kwa upande wa namba, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia. Jumuiya inakwenda hospitalini, shuleni au ofisi ya kaunti kuomba mkalimani wa Kiswahili, inajibiwa kwamba takwimu hazionyeshi wasemaji wa kutosha. Mara nyingi ofisa anayetoa jibu hilo hadanganyi. Amefungua jedwali, hakuona neno Kiswahili, akalifunga. Basi tufuatilie kilipopotelea.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi wanaamini kwamba sensa ya kila baada ya miaka 10 ndiyo inayouliza lugha ya nyumbani. Sivyo. Sensa ya 2020 haikuuliza lugha kabisa. Kilichowachanganya wengi ni kwamba miongozo ya kujaza fomu ilitolewa katika lugha 59 mbali na Kiingereza, Kiswahili kikiwemo, kwa hiyo mtu aliyeona mwongozo wa Kiswahili akadhani na yeye amehesabiwa kama msemaji wa Kiswahili. Maswali ya lugha yalikuwa kwenye fomu ndefu ya sensa hadi mwaka 2000. Baada ya hapo yakahamia kwenye utafiti mwingine wa Ofisi ya Sensa, American Community Survey, ambao wengi wanaufahamu kwa herufi zake tatu, ACS. Tangu 2005 utafiti huo unafanyika nchi nzima, mwezi baada ya mwezi, bila kusubiri mwaka wa sensa.

ACS haiendi kwa kila nyumba. Inapelekwa kwa anwani zipatazo milioni 3.5 kwa mwaka, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa mwezi mmoja, uwezekano wa anwani kuchaguliwa ni kama 1 kati ya 480, na anwani ikishachaguliwa haitakiwi kuchaguliwa tena ndani ya miaka mitano. Pigeni hesabu. Miaka mitano ni miezi 60, na 60 kwa 480 ni moja ya nane. Mji wenye kaya 200 zinazozungumza Kiswahili utapata fomu kwa kaya kama 25 hivi katika miaka yote hiyo mitano, tena si zote zitakazojibu. Kila kaya inayojibu inawasemea majirani kadhaa ambao hawakuulizwa. Kati ya hizo 25, tano zikijaza ovyo, sehemu ya tano ya jumuiya yenu imefutika kabla hata mtakwimu hajaanza kazi yake.

Kwa hiyo bahasha ile si ya kutupa. Nje yake pameandikwa kwamba kujibu kunatakiwa kisheria, na ni kweli. Wanaoitupa hudhani ni tangazo la biashara au utapeli, na wengine wanaogopa. Hofu hiyo tuizungumze wazi. Fomu inauliza kama mtu ni raia au la, lakini haimuulizi asiye raia ana kibali gani cha kuishi. Majibu yanalindwa na sheria ya sensa. Mfanyakazi anayeyatoa nje anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya hadi dola 250,000, au vyote viwili. Kujibu kunawezekana kwa intaneti, kwa karatasi, au kwa kuhojiwa.

Sasa tuingie kwenye maswali yenyewe. Ni matatu, yanaulizwa kwa kila mtu wa umri wa miaka mitano na kuendelea, na msingi wake haujabadilika tangu 1980. Je, mtu huyu anazungumza lugha isiyo Kiingereza nyumbani? Ni lugha gani? Anazungumza Kiingereza vizuri kiasi gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hazungumzi kabisa?

Katika swali la kwanza, kosa la kawaida linawahusu watoto. Mzazi anaona mwanawe anajibu kwa Kiingereza karibu kila anapoulizwa, basi anaweka "hapana". Kanuni ya Ofisi ya Sensa ni kwamba anayezungumza lugha hiyo nyumbani kila wakati, au hata wakati mwingine tu, ni "ndiyo". "Hapana" ni kwa yule anayejua maneno machache ya kuokoteza, au anayeitumia lugha hiyo shuleni tu. Mtoto anayezungumza na bibi yake kwa Kiswahili kila jioni ni "ndiyo", hata kama Kiswahili chenyewe kimechanganyika.

Swali la pili ndilo linaloua jumuiya nyingi za kutoka Kongo. Kwenye nafasi ya jina la lugha watu huandika "African", au "Congolese", au "Bantu". Anayeweka majibu haya kwenye mafungu ya lugha hana namna ya kukisia kwamba ulimaanisha Kiswahili, kwa hiyo jibu linaishia kwenye fungu la jumla. Andika "Swahili" au "Kiswahili". Usiandike nchi, wala bara, wala kabila lisilo jina la lugha.

Na kama nyumbani kuna lugha mbili, zote si Kiingereza? Inayotakiwa ni moja: ile mtu anayoizungumza mara nyingi zaidi, na kama haiwezekani kupima, ile aliyojifunza kwanza. Hapa tusidanganyane. Familia ya Fizi, mashariki mwa Kongo, inayozungumza Kibembe ndani ya nyumba na Kiswahili kanisani na sokoni, jibu lake sahihi ni Kibembe. Vivyo hivyo kwa Kifulero, na vivyo hivyo kwa Mkenya ambaye nyumbani kwake ni Kijaluo au Kikuyu. Lakini familia hiyohiyo ikifika kliniki, mkalimani watakayemuomba ni wa Kiswahili, kwa sababu wa Kibembe hapatikani kwa urahisi. Fomu ya ACS haina mahali pa kuandika lugha ya pili. Upungufu huu hauponi kwa kujaza vizuri, na kumshauri mtu aandike Kiswahili wakati nyumbani kwake si Kiswahili ni kumfundisha kusema uongo kwenye karatasi ya serikali. Dawa yake ni kuleta ushahidi mwingine: rejista za shule, na hasa kumbukumbu za hospitali zinazoonyesha mkalimani aliombwa wa lugha gani. Jumuiya ikiomba namba hizo kwa jumla, bila majina ya wagonjwa, mara nyingi hukuta maombi ya Kiswahili ni mengi kuliko jedwali la sensa linavyodokeza.

Swali la tatu lina mpaka ambao haujachorwa popote kwenye fomu. Kila aliyejibu chini ya "vizuri sana" anahesabiwa kuwa na Kiingereza kisichotosha. Ndiyo kusema, aliyejibu "vizuri" yuko fungu moja na asiyejua kabisa. Wengi hawajui hilo. Mtu anaona "vizuri" ni jibu la unyonge kidogo, anataka kumpa heshima mkewe au mama mkwe, anapandisha hadi "vizuri sana". Kisha kumbukeni kwamba kwa kawaida mtu mmoja ndiye anayejibu kwa niaba ya nyumba nzima, na mara nyingi ni yule mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote, naye huwapima wengine kwa huruma.

Hakuna mtihani, na hakuna anayekuja kukagua. Kipimo tunachopendekeza ni simu. Je, mtu huyu anaweza kupiga simu kliniki, akaeleza anaumwa nini, akaelewa alichojibiwa na kupanga miadi, bila mtu mwingine kuchukua simu? Kama hawezi, "vizuri sana" si jibu la kweli. Angalieni pia kwamba swali ni la kuzungumza tu. Kusoma na kuandika havimo. Mama anayeongea na wateja siku nzima lakini hawezi kusoma karatasi ya kuridhia upasuaji, takwimu hii haimwoni.

Tuchukue kaya moja ya mfano tuone inavyosomeka. Bibi hazungumzi Kiingereza kabisa. Baba ni "vizuri", mama "si vizuri". Binti wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 9 ni "vizuri sana". Kitinda mimba ana miaka 4. Wote wanazungumza Kiswahili nyumbani. Kwenye jedwali la watu, kaya hii inatoa wasemaji watano, kwa sababu wa miaka 4 hahesabiwi, na watatu kati yao wana Kiingereza kisichotosha. Kwenye jedwali la kaya mambo yanageuka. Kaya huhesabiwa kuwa na shida ya Kiingereza pale tu ambapo hakuna hata mmoja wa miaka 14 au zaidi anayezungumza Kiingereza pekee au anayekizungumza vizuri sana. Binti wa miaka 15 anaitoa nyumba nzima kwenye hesabu. Angekuwa na miaka 13, nyumba ingeingia, ingawa bibi, baba na mama ni walewale. Kwa maneno mengine, mtoto anayetolewa darasani kwenda kutafsiri hospitalini ndiye huyohuyo anayefanya nyumba yake isionekane kuwa na shida. Kwa hiyo ofisa akikuletea jedwali la kaya, mshukuru, kisha muombe la watu.

Na majedwali ya watu nayo yanatofautiana. Linalofunguliwa na wengi kwenye data.census.gov, tovuti ya takwimu ya Ofisi ya Sensa, ni C16001, kwa kuwa linapatikana hadi maeneo madogo ya mitaa. Jedwali hilo lina makundi 12 tu ya lugha zisizo Kiingereza. Kihispania kina fungu lake, Kivietinamu chake, Kikorea chake, Kiarabu chake. Kiswahili hakitajwi. Kimo ndani ya fungu la mwisho la lugha nyingine na zisizobainishwa, pamoja na Kisomali, Kiamhari, Kiyoruba, Kiebrania na lugha za Wenyeji wa Marekani. Hapo ndipo ofisa wetu alipofungia kompyuta.

Jedwali la kuomba ni B16001. Tangu mafungu ya lugha yalipobadilishwa 2016, humo kuna fungu la Kiswahili na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Bado si Kiswahili peke yake. Kinyarwanda, Kilingala na Kishona vimo humohumo. Lakini angalau mmetoka kwenye chumba cha Kiebrania. Ubaya wake ni kwamba halitolewi kwa vitongoji vidogo. Anayetaka Kiswahili kikiwa peke yake inabidi aende kwenye mafaili ya majibu ya mtu mmojammoja yaliyoondolewa majina, yanayoitwa PUMS. Humo Kiswahili kina namba yake, na unaweza kukipambanua kwa umri na kiwango cha Kiingereza. Eneo dogo kuliko yote humo lina watu wasiopungua 100,000, kwa hiyo mtaa wenu hautaonekana. Kazi hii inahitaji mtu anayejua Excel vizuri au programu ya takwimu. Wanafunzi wetu walioko vyuoni wanaiweza kwa wikiendi moja.

Sasa alama ya ± iliyo pembeni ya kila namba. Huo ni ukingo wa makosa, na Ofisi ya Sensa huukokotoa kwa uhakika wa asilimia 90. Tuseme jedwali linasema kaunti yenu ina watu 640 wa fungu la Kiswahili wenye Kiingereza kisichotosha, ± 290. Maana yake ni kwamba idadi ya kweli inaweza kuwa 350, inaweza kuwa 930. Ukiandika kwenye ombi la ruzuku kwamba mko 640 kamili, msomaji mwenye ujuzi atakupuuza. Ukiandika 930 peke yake, atakupuuza zaidi. Gawa 290 kwa 1.645, kigawo kinachokwenda na uhakika huo wa asilimia 90, upate takriban 176, kisha gawa kwa 640: ni kama asilimia 28. Ukingo mpana kiasi hicho unaonyesha namba ya kutumia kwa tahadhari.

Njia ya kuubana ni kuunganisha maeneo. Kaunti jirani ina 410, ± 220. Jumla ni 1,050. Ukingo wa jumla haupatikani kwa kujumlisha 290 na 220, na kosa hilo tunaliona kwenye maandiko mengi. Kila ukingo uzidishe kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: 84,100 na 48,400 ni 132,500, na kipeuo chake ni takriban 364. Kwa hiyo ni 1,050, ± 364. Ukipima kama mwanzo, tumeshuka kutoka asilimia 28 hadi 21. Jumuiya mbili zinazogombania wanachama mkutanoni zinaweza kunufaika zikiandika ombi moja.

Namba hizi zinatumika wapi? Kwa miaka mingi mashirika yanayopokea fedha za serikali kuu yalitumia mwongozo wa 2002 wa Wizara ya Sheria: nyaraka muhimu zitafsiriwe kwa kundi la lugha linalofikia asilimia 5 ya wanaohudumiwa au watu 1,000, ipi ndogo. Amri ya Rais Na. 13166 ya mwaka 2000, iliyokuwa nyuma ya utaratibu huo, ilifutwa tarehe 1 Machi 2025 kwa Amri Na. 14224, iliyotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Msiende tena mkiinukuu ile ya 2000 kana kwamba bado ipo, mtakosolewa mlangoni. Amri ya Rais, hata hivyo, haifuti sheria ya Bunge. Sura ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ipo, nayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya taifa kwa yeyote anayepokea fedha za serikali kuu. Kwenye afya kuna Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Chini ya kanuni zake mkalimani hulipiwa na hospitali, na mtoto hatakiwi kutumiwa kutafsiri isipokuwa kwenye dharura. Kanuni zilizotolewa 2024 zinataka tangazo la huduma hiyo liwepo kwa lugha 15 zinazoongoza katika jimbo kwa watu wenye Kiingereza kisichotosha. Kiswahili kuingia au kutoingia kwenye hizo 15 ni suala la takwimu tunazozungumzia.

Uchaguzi uko tofauti, na hapa tunaomba msipoteze nguvu. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinalazimisha karatasi za kura za lugha nyingine mahali ambapo raia wa umri wa kupiga kura wenye Kiingereza kisichotosha wanazidi 10,000 au asilimia 5, pamoja na sharti la kiwango cha elimu. Lakini kinahusu Kihispania, lugha za Asia, na za Wenyeji wa Marekani na Alaska pekee. Lugha za Kiafrika hazimo, hata mkiwa laki moja. Kinachowafaa ni Kifungu cha 208: mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika anaweza kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Shule zina hesabu yao, na wazazi wanaiharibu kwa nia njema. Mtoto anapoandikishwa, mzazi hupewa dodoso la lugha ya nyumbani. Likionyesha lugha nyingine, mtoto hupimwa Kiingereza, na shule inatakiwa kumjulisha mzazi matokeo ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule kuanza, au wiki mbili kama mtoto ameingia katikati ya mwaka. Mzazi anayeandika "Kiingereza" akihofia mwanawe atarudishwa nyuma anamkosesha masomo ya ziada, na anamwondoa kwenye rejista ya wasemaji wa Kiswahili. Dodoso peke yake halimweki mtoto kwenye programu. Upimaji ndio unaoamua. Mzazi ana haki ya kukataa programu yenyewe, ila mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka utaendelea hadi mtoto afuzu. Kwa upande wetu, rejista ya shule ina thamani ya pekee: ni idadi ya watoto wote, si sampuli. Ukiiweka pembeni ya B16001 na namba zikapishana sana, una hoja ya kumpelekea ofisa wa kaunti.

La mwisho ni miaka ya kulinganisha. Makadirio ya mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi. Ya miaka mitano hufika kila mahali. Jumuiya zetu nyingi zitatumia ya miaka mitano. Usilinganishe vipindi vinavyoingiliana, kwa mfano 2018–2022 na 2019–2023, ukasema jumuiya imekua, kwa sababu miaka minne ni ileile. Linganisha 2015–2019 na 2020–2024. Makadirio ya kawaida ya mwaka mmoja kwa 2020 hayakutolewa, kwa kuwa janga la korona liliathiri ukusanyaji wa majibu, hivyo pengo hilo kwenye chati zenu liacheni wazi. Na ukirudi nyuma ya mabadiliko ya 2016 utakuta lugha za Kiafrika zimewekwa pamoja. Namba hiyo ya zamani msiiweke kwenye mstari mmoja na ya fungu la Kiswahili, hata kama inaupendezesha mchoro.